Mwili wa Muuguzi na Saa za Hospitali: Historia ya Udhibiti wa Uchovu wa Wauguzi nchini Marekani, 1908–2014

1.0 Utangulizi

Uchovu wa muuguzi ni wa zamani kama wodi yenyewe. Hata hivyo, kuuona uchovu huo kuwa jambo linalopaswa kupimwa, kuwekewa mipaka na kusimamiwa na uongozi wa hospitali ni fikra mpya. Kwa muda mrefu muuguzi aliyechoka alihesabiwa kuwa ama mtumishi mwaminifu aliyetimiza wajibu wake, ama mtu dhaifu asiyeiweza kazi. Katika hali zote mbili, chanzo cha uchovu hakikutafutwa katika ratiba ya zamu.

Insha hii inachunguza namna fikra hiyo ilivyobadilika nchini Marekani kati ya mwaka 1908 na mwaka 2014. Marekani imechaguliwa kwa sababu mabadiliko yake yameacha kumbukumbu nyingi za wazi: hukumu za mahakama, sheria za majimbo, ripoti za kamati na matamko ya vyama vya taaluma. Katika insha hii, neno uchovu linatumika kwa maana ya kupungua kwa uwezo wa mwili na akili kunakosababishwa na kazi ya muda mrefu, kukosa usingizi wa kutosha, au kufanya kazi katika saa ambazo mwili umezoea kulala.

Hoja kuu ya insha ni kwamba, kwa takriban karne moja, mipaka ya saa za kazi iliwekwa kwa kuangalia muuguzi ni nani, si kwa kuangalia amefanya kazi kwa muda gani. Aliyehesabiwa dhaifu, yaani mwanamke au mwanafunzi, alilindwa. Baadaye, aliyelazimishwa alilindwa pia. Muuguzi aliyehitimu na kukubali kwa hiari yake kuendelea na zamu aliachwa nje ya ulinzi, ingawa ndiye aliyeshika sindano na dawa. Ni pale tu usalama wa mgonjwa ulipofanywa kuwa msingi wa hoja ndipo pengo hili lilipoanza kujadiliwa waziwazi.

2.0 Uchovu Waingia Mahakamani, 1905–1915

Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lochner, ilibatilisha sheria ya jimbo la New York iliyoweka kikomo cha saa za kazi za waoka mikate. Mahakama iliona kwamba sheria hiyo iliingilia uhuru wa mwajiri na mwajiriwa kupatana. Hukumu hiyo iliwaacha wanaharakati wa haki za wafanyakazi na njia nyembamba: ilibidi waonyeshe kwamba kundi fulani la wafanyakazi lilikuwa na sababu ya pekee ya kulindwa.

Njia hiyo ilifunguka mwaka 1908 katika kesi ya Muller dhidi ya jimbo la Oregon, iliyohusu saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake waliofanya kazi katika nyumba za udobi na viwanda. Wakili Louis Brandeis aliwasilisha maelezo ambayo kwa sehemu ndogo tu yalikuwa ya kisheria. Sehemu kubwa ilikuwa ushahidi wa madaktari, wakaguzi wa viwanda na kamati mbalimbali kuhusu madhara ya saa nyingi za kazi. Ushahidi huo ulikusanywa na Josephine Goldmark, shemeji yake Brandeis, aliyefanya kazi na Umoja wa Kitaifa wa Watumiaji wa Bidhaa uliokuwa ukiongozwa na Florence Kelley. Mahakama iliikubali sheria ya Oregon, lakini iliikubali kwa sababu ya hali ya kimwili ya mwanamke na nafasi yake kama mama.

Mwaka 1912 Goldmark alichapisha kitabu chake Fatigue and Efficiency, kuhusu uchovu na ufanisi wa kazi. Humo aliueleza uchovu kama jambo la kisayansi: misuli na neva za binadamu hudai muda wa kupumzika, na deni la mapumziko lisipolipwa hulimbikizwa. Maelezo hayo hayakuwa na mipaka ya jinsia. Hata hivyo, mazingira ya sheria ya wakati ule yaliruhusu yatumike hasa kwa wanawake wa viwandani.

Je, wauguzi walikuwa wapi katika mjadala huu? Jimbo la California lilipitisha sheria ya saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki kwa wanawake mwaka 1911. Mwaka 1913 sheria hiyo ilirekebishwa ikaingiza hospitali, lakini kwa sharti moja: wauguzi waliohitimu hawakuguswa. Waliolindwa ni wanafunzi wa uuguzi na wanawake wengine walioajiriwa hospitalini. Hospitali ya Samuel Merritt, katika wilaya ya Alameda, ilipinga sheria hiyo kupitia mmoja wa wadhamini wake. Kesi ya Bosley dhidi ya McLaughlin iliamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 23 Februari 1915, na hukumu ikaandikwa na Jaji Charles Evans Hughes. Mahakama iliiunga mkono sheria. Kuhusu hoja kwamba ni ubaguzi kumlinda mwanafunzi na kumwacha mhitimu, Mahakama iliona kwamba kuna tofauti ya kutosha kati ya mtu aliye mafunzoni na mtaalamu aliyekamilika.

Tofauti hiyo iliweza kutetewa kisheria, lakini kisayansi haikuwa na mguu wa kusimamia. Hakuna ukurasa katika kitabu cha Goldmark unaoonyesha kwamba cheti humpunguzia mtu haja ya usingizi. Hapa ndipo mgawanyiko unaochunguzwa na insha hii ulipopata nguvu ya sheria.

3.0 Kazi ya Wanafunzi Chini ya Jina la Mafunzo

Ili kuelewa kwa nini hospitali zilipinga, ni lazima kuangalia mfumo wa mafunzo. Mwaka 1873 shule tatu za uuguzi zilizofuata mfano wa Florence Nightingale zilifunguliwa katika miji ya New York, New Haven na Boston. Katika miongo iliyofuata, hospitali nyingi zilianzisha shule zao, na kwa sehemu kubwa wodi zilihudumiwa na wanafunzi. Mwanafunzi alipata malazi, chakula na posho ndogo. Hospitali ilipata nguvu kazi ya bei nafuu mchana na usiku. Akishahitimu, muuguzi kwa kawaida aliondoka hospitalini na kwenda kuwahudumia wagonjwa majumbani kwa malipo ya mtu binafsi.

Hivyo, saa za mwanafunzi zilikuwa hesabu ya fedha. Kupunguza saa kutoka 12 hadi 8 kulimaanisha kuongeza idadi ya watu ili wodi zisibaki tupu. Mary Adelaide Nutting, katika taarifa yake ya mwaka 1912 kwa Ofisi ya Elimu ya Marekani kuhusu hali ya elimu ya uuguzi, aliziona saa ndefu za wodini kuwa kizuizi kikubwa cha mafunzo: mwanafunzi aliyetoka wodini amechoka hakuweza kufaidika na mhadhara wa jioni.

Hoja hiyo ilipata uzito zaidi mwaka 1923, ilipochapishwa ripoti ya Kamati ya Uchunguzi wa Elimu ya Uuguzi. Kamati hiyo ilifadhiliwa na Taasisi ya Rockefeller na kuongozwa na C.-E. A. Winslow. Katibu na mwandishi mkuu wa uchunguzi alikuwa Josephine Goldmark, yuleyule aliyekuwa ameandika juu ya uchovu wa wafanyakazi wa viwandani miaka 11 kabla. Ripoti ilionyesha kwamba mahitaji ya hospitali na mahitaji ya mafunzo yalikuwa yakigombana, na kwamba katika ugomvi huo mwanafunzi ndiye aliyeumia. Kwa mtafiti wa historia, kuwepo kwa Goldmark katika nyaraka zote mbili si jambo la pembeni. Kunathibitisha kwamba maarifa ya viwandani kuhusu uchovu yaliingia hospitalini mapema. Kilichokosekana hakikuwa maarifa.

4.0 Mhitimu Arudi Wodini, 1930–1980

Mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ulizikausha kazi za uuguzi wa majumbani. Familia nyingi hazikuwa tena na uwezo wa kumlipa muuguzi binafsi. Wauguzi waliohitimu wakaanza kuajiriwa kwa wingi hospitalini, na katika muongo huohuo Chama cha Wauguzi cha Marekani kilidai siku ya kazi ya saa 8. Hoja moja iliyotumika ilikuwa ya kugawana kazi: zamu mbili za saa 12 zikigawanywa kuwa tatu za saa 8, wauguzi wengi zaidi wangepata ajira.

Sheria ya kazi ya nchi nzima haikuwasaidia sana. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 haikuzifikia hospitali kwa jumla hadi ilipopanuliwa mwaka 1966. Hata baada ya hapo, hospitali ziliruhusiwa kukokotoa saa za ziada kwa kipindi cha siku 14: malipo ya ziada yaliyoanza baada ya saa 8 kwa siku au saa 80 katika siku hizo 14. Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria hii iliongeza gharama ya saa za ziada lakini haikuzipiga marufuku. Mwajiri aliyekuwa tayari kulipa aliweza kuendelea kumtumia muuguzi.

Uwezo wa wauguzi kujadiliana na waajiri nao ulikuwa na vikwazo. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliziondoa hospitali zisizo za kibiashara katika wajibu wa kujadiliana na vyama vya wafanyakazi, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1974. Chama cha Wauguzi chenyewe kilikuwa na sera ya kutogoma iliyowekwa mwaka 1950 na kufutwa mwaka 1968. Sera hiyo ilitokana na imani kwamba mtaalamu hamtelekezi mgonjwa. Imani hiyo ilikuwa na heshima yake, lakini ilifanya uchovu uonekane kama sehemu ya maadili ya taaluma. Kudai mapumziko kulifanana na kumwacha mgonjwa.

Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa upungufu wa wauguzi, zamu ya saa 12 ilirudi hospitalini kwa sura mpya. Safari hii haikuja kama unyonyaji wa wanafunzi, bali kama kivutio cha ajira: muuguzi angefanya zamu tatu kwa wiki na kupata siku nne za nyumbani. Wauguzi wengi waliipenda, hasa wenye watoto. Si haki kwa mwanahistoria kuidharau sababu hiyo. Muuguzi ana nyumba, ana nauli, ana wazee na watoto, na siku kamili ya mapumziko ina thamani ambayo saa chache za jioni haziwezi kuifidia. Lakini hesabu ya zamu tatu ilitegemea dhana kwamba zamu ya saa 12 itakwisha baada ya saa 12, na kwamba siku nne zinazobaki zitakuwa za kupumzika kweli.

5.0 Mgonjwa Aingia Katika Hoja, 1997–2014

Mwishoni mwa karne ya 20 mambo mawili yalibadilisha mjadala. La kwanza ni sayansi ya usingizi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 hupungukiwa na uwezo wa utendaji kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ulinganisho huo uliutoa uchovu katika uwanja wa tabia na kuuweka katika uwanja wa vipimo. Hakuna anayemwambia mlevi ajitahidi zaidi.

La pili ni harakati za usalama wa wagonjwa. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 1999 ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kutokana na makosa ya kitabibu. Baada ya ripoti hiyo, swali la saa za kazi halikuwa tena swali la mfanyakazi peke yake.

Mwaka 2004 Ann Rogers na wenzake, wakiwemo Linda Aiken na David Dinges, walichapisha utafiti uliofuatilia wauguzi 393 wa hospitali waliojaza daftari la kila siku kuhusu saa zao za kazi na makosa yao. Zamu 5,317 zilichambuliwa, na takriban asilimia 40 kati yake zilizidi saa 12. Uwezekano wa kufanya kosa ulikuwa mara tatu zaidi pale zamu ilipofikia saa 12 na nusu au kuzidi. Utafiti huu una mipaka yake: ulitegemea maelezo ya wauguzi wenyewe, na haukuwagawa kwa kubahatisha katika makundi ya kulinganisha. Pamoja na hayo, ulibainisha jambo ambalo ratiba zilikuwa zikilificha, yaani kwamba saa zilizoandikwa ukutani na saa zilizofanywa wodini hazikuwa zilezile.

Ripoti nyingine ya Taasisi ya Tiba, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2003 na iliyohusu mazingira ya kazi ya wauguzi, ilipendekeza kwamba wauguzi wasihudumie wagonjwa kwa zaidi ya saa 12 katika saa 24, wala zaidi ya saa 60 katika siku 7. Kilicho muhimu zaidi kuliko tarakimu hizo ni maneno yaliyoambatana nazo: kikomo kilihusu mchanganyiko wowote wa zamu za kawaida, saa za ziada za lazima na saa za ziada za hiari. Kwa mara ya kwanza, katika pendekezo la ngazi hiyo, hiari ya muuguzi haikuhesabiwa kuwa kinga dhidi ya uchovu.

Sheria hazikufika huko. Majimbo kama New Jersey mwaka 2002 na New York mwaka 2008 yalipitisha sheria dhidi ya kuwalazimisha wauguzi kufanya saa za ziada. Zilikuwa hatua za maana, kwani zilimpa muuguzi haki ya kukataa. Lakini aliyekubali, ama kwa kuwahurumia wenzake, ama kwa kuhitaji fedha, aliendelea kukesha kihalali. Linganisha na madaktari: kufuatia kifo cha mgonjwa kijana katika hospitali moja ya New York mwaka 1984, jimbo hilo liliweka mwaka 1989 kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni, na mwaka 2003 kikomo hicho kikawa kigezo cha nchi nzima. Mantiki ya mwaka 1915 ilijirudia: aliye mafunzoni alilindwa, aliyehitimu aliaminiwa kujilinda mwenyewe.

Desemba 2011 Tume ya Pamoja, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu uchovu wa watumishi wa afya. Ilizitaka hospitali zichunguze ratiba zao, ziangalie hatari zinazotokea wakati wa kukabidhiana zamu, ziwashirikishe watumishi katika kupanga zamu, na ziwe na mpango wa kudhibiti uchovu. Chama cha Wauguzi kilikuwa kimetoa mwaka 2006 matamko mawili tofauti, moja kwa wauguzi na jingine kwa waajiri. Mwaka 2014 kiliyabadilisha kwa tamko moja lililosema kwamba jukumu ni la pamoja, na kupendekeza kikomo cha saa 12 kwa siku na saa 40 za kazi ya kitaaluma kwa siku 7. Kuunganishwa kwa matamko hayo kuna maana ya kihistoria: uchovu ulikoma kuwa na nyaraka mbili zenye wenyewe wawili.

6.0 Uhusiano na Afrika Mashariki

Historia hii ina upande wa kimataifa unaoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 149 kuhusu wauguzi, pamoja na Pendekezo Na. 157. Pendekezo hilo linataka siku ya kawaida ya kazi isizidi saa 8, siku yote pamoja na saa za ziada isizidi saa 12, na kuwe na mapumziko ya angalau saa 12 kati ya zamu na zamu. Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 1983 na Kenya mwaka 1990. Marekani haijauridhia. Kwa maandishi, basi, nchi hizi mbili zilitangulia nchi ambayo tafiti zake ndizo zinazonukuliwa zaidi.

Tanzania Bara ilipotunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na ikaruhusu makubaliano ya maandishi ya wiki iliyobanwa, ambapo mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada. Kwa mtafiti wa hospitali zetu, funzo la Marekani ni la kimbinu. Haitoshi kusoma sheria wala ratiba iliyobandikwa katika chumba cha wauguzi. Inafaa kupima saa zilizofanywa kweli, pamoja na muda wa kukabidhi zamu, kumsubiri mwenzake aliyechelewa, na safari ya kurudi nyumbani.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba maarifa kuhusu madhara ya uchovu yalikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20, na kwamba mtu yuleyule aliyeyakusanya kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani alichunguza pia shule za uuguzi. Kuchelewa kwa hatua hakukutokana na ujinga. Kulitokana na njia iliyotumika kuhalalisha ulinzi: kwanza jinsia, kisha uanafunzi, kisha kulazimishwa. Kila msingi uliokoa kundi moja na kuacha jingine nje, na aliyeachwa kila mara alikuwa muuguzi mwenye ujuzi, aliyeheshimiwa kiasi cha kutolindwa.

Msingi wa usalama wa mgonjwa una nguvu zaidi kwa kuwa hauulizi muuguzi ni nani wala kama alikubali. Lakini nao una udhaifu. Ukitumiwa peke yake, unaufanya mwili wa muuguzi uwe na thamani kwa ajili ya mwingine tu, na muuguzi anayesinzia njiani akirudi nyumbani baada ya kumkabidhi mgonjwa salama hauonekani katika hesabu zake. Kwa hiyo, sera ya uchovu inayostahili kuitwa kamili ni ile inayoweka kikomo cha saa kwa wote, inayoajiri watu wa kutosha ili kikomo hicho kiwezekane, na inayotambua kwamba katika wodi moja kuna watu wawili wanaohitaji kupumzika: aliyelala kitandani na aliyesimama pembeni yake.